Kutoka Saba Saba Hadi Uwanda wa Shaba

Mtajie kombora mzee wa Ggaba aliyekuwa mtu mzima mwaka 1979, naye atakutajia saba saba. Hilo ndilo jina ambalo watu wa Uganda waliyapa maroketi ya Jeshi la Wananchi wa Tanzania, yaliyofyatuliwa kutoka migongoni mwa malori, mirija 40 kwa lori moja, yakafika umbali wa kilomita 20 hivi. Katika vita vile vya Tanzania dhidi ya Idi Amin, Entebbe ilitekwa tarehe 7 Aprili, Kampala tarehe 11. Ggaba, mwalo wa wavuvi ulioko kusini mwa Kampala kwenye ukingo wa Ziwa Victoria, haikuwa mbali na miji hiyo miwili. Saba saba ni kombora la karibu: mpigaji yuko nyuma ya kilima kile pale, na anayepigwa anajua vita vimemfikia.

Mwezi huohuo wa Aprili 1979, kiasi cha kilomita 1,000 kutoka Ggaba kuelekea kusini-magharibi, kulikuwa na uwanja wa maroketi wa aina nyingine kabisa, nao ulikuwa unafungwa. Ulikuwa Zaire, Kongo ya leo, katika jimbo la Shaba, yaani Katanga. Moscow ilidai kwamba Wajerumani wanajaribia huko makombora ya vita ya masafa marefu. Wenye uwanja walisema wanatafuta njia rahisi ya kupeleka satelaiti angani, basi. Nani alikuwa mkweli? Swali hili linatuhusu sisi wasemaji wa Kiswahili kuliko wengi, maana watu wa Manono na vijiji vya Mto Luvua, walioishi chini ya maroketi yale, wanasema Kiswahili kama sisi, na hakuna aliyewauliza lolote.

Kampuni yenye uwanja huo iliitwa OTRAG. Ilianzishwa mwaka 1975 na mhandisi Lutz Kayser, makao yake yakiwa Neu-Isenburg karibu na Frankfurt. Fedha zake zilitoka mifukoni mwa wawekezaji wa Ujerumani Magharibi waliovutiwa na nafuu ya kodi. Wazo la Kayser lilikuwa la ujasiri: badala ya kuunda roketi moja ghali na tata, achukue mabomba membamba ya chuma, kila moja na injini yake, ayafunge pamoja kwa makumi na kwa mamia. Mzigo ukizidi, ongeza mabomba. Vali za kupitishia mafuta ziliendeshwa na mota za waipa za magari, bidhaa ya dukani. Mafuta yenyewe yalikuwa jamii ya dizeli na mafuta taa, yakiunguzwa kwa asidi ya nitriki.

Mwenyekiti wa bodi alikuwa Kurt Debus, na hapo ndipo shaka inapoanza kupata miguu. Debus alikuwa miongoni mwa wahandisi wa roketi ya V-2 huko Peenemünde, silaha iliyopiga London na Antwerp katika Vita vya Pili vya Dunia. Vita vilipokwisha alichukuliwa Marekani pamoja na Wernher von Braun. Huko walitengeneza Redstone. Roketi hiyo iliwekwa Ujerumani Magharibi mwaka 1958 ikiwa na kichwa cha nyuklia, na tarehe 5 Mei 1961 roketi ya ukoo huohuo ikamrusha Alan Shepard, Mmarekani wa kwanza kufika anga za juu. Debus akawa mkurugenzi wa kwanza wa kituo cha Kennedy kilichorusha watu kwenda mwezini. Maisha ya mtu mmoja yalibeba historia nzima ya chombo hiki, kikiwa silaha, kikiwa chombo cha safari, kisha kikishukiwa kuwa silaha tena.

Mwaka 1976 Kayser alitia saini mkataba na serikali ya Zaire ya Rais Mobutu Sese Seko. Mkataba huo ulipovuja na kuchapishwa magazetini mwaka uliofuata, wasomaji walishtuka, na ukiusoma leo bado unaumiza. OTRAG ilipewa eneo la Shaba lisilopungua kilomita za mraba laki moja, ambalo kwa hesabu hiyo ya chini linakaribia nusu ya Uganda. Ilipewa hadi mwaka 2000. Iliruhusiwa kurusha vyombo vyake bila kizuizi, wafanyakazi wake wakapewa kinga, na Zaire ikaahidi kuwahamisha wakazi kutoka sehemu yoyote ambayo kampuni ingetaka iwe wazi. Hapa sina haja ya kupima maneno: nchi iliyopata uhuru mwaka 1960 ilikodisha watu wake pamoja na ardhi yao. Miaka ya ukoloni, makampuni ya Wabelgiji yalipewa maeneo kwa vifungu vinavyofanana na hivyo.

Wajerumani wakaweka kambi kwenye uwanda wa juu ulio juu ya bonde la Luvua, wakatengeneza kiwanja cha ndege, wakaleta vifaa kwa ndege za mizigo. Roketi ya kwanza iliruka tarehe 17 Mei 1977. Ilikuwa ndogo, mabomba manne tu, na haikufika hata mlangoni mwa anga za juu, lakini iliruka.

Sasa tazama kalenda ya Shaba yenyewe. Machi 1977 wapiganaji wa FNLC, wengi wao askari wa zamani wa Katanga waliokimbilia Angola, waliivamia Shaba, na Mobutu akaokolewa na wanajeshi wa Morocco waliosafirishwa na Ufaransa. Roketi ya kwanza iliruka vita hivyo vikiwa bado havijaisha. Mei 1978 wapiganaji walirudi, safari hii wakauteka mji wa migodi wa Kolwezi. Tarehe 19 Mei makomando wa Ufaransa wakashuka Kolwezi kwa miavuli, na kesho yake, tarehe 20, OTRAG ikarusha roketi ya pili katika jimbo lilelile. Mtu aliyekuwa Luanda au Dar es Salaam akiyatazama mambo hayo, Wajerumani wenye maroketi upande mmoja na Wafaransa wenye bunduki upande wa pili, angeaminije kwamba ni kazi ya satelaiti tu?

Vyombo vya habari vya Kisovyeti vilipaza sauti, na Angola ikalalamika. Hoja yao kubwa ilikuwa na msingi wa kisheria. Kwa makubaliano ya Paris ya mwaka 1954, Ujerumani Magharibi iliahidi kutotengeneza silaha za nyuklia wala makombora ya masafa marefu ndani ya ardhi yake. Ndani ya ardhi yake. Afrika haikutajwa. Mwenye kutaka kuikwepa ahadi hiyo angeweza kabisa kutafuta uwanda wa mbali, wenye rais mmoja wa kutia saini.

Tarehe 5 Juni 1978 Mobutu alikwenda mwenyewe kutazama, akiwa na msafara wake na kamera za televisheni. Roketi ya tatu ikawashwa, ikapanda kidogo, ikapinda, ikaanguka bondeni. Picha za siku ile zipo hadi leo. Zikitazamwa kwa makini, zinatoa nusu ya jibu la swali letu, lakini ili kulielewa ni lazima kwanza kujua kombora halisi la kuvuka mabara linavyoendeshwa.

Kombora la kwanza la aina hiyo lilikuwa R-7 la Wasovyeti, lililofaulu kuruka masafa marefu tarehe 21 Agosti 1957. Wiki chache baadaye, tarehe 4 Oktoba, roketi ya aina hiyohiyo ilipeleka Sputnik angani. Kama silaha, R-7 ilikuwa mzigo. Ilihitaji oksijeni ya kimiminika, ambayo haiwezi kukaa ndani ya tangi muda mrefu, hivyo ilibidi ijazwe kwa saa kadhaa ikiwa imesimama wazi mbele ya macho ya adui. Wahandisi wa pande zote mbili wakajifunza jambo moja: silaha ya nyuklia ambayo haiwezi kuruka upesi itapigwa ikiwa chini.

Marekani ilijibu kwa Minuteman, iliyoanza kuwekwa kazini Oktoba 1962, wakati wa mgogoro wa Cuba. Mafuta yake ni yabisi, yamemiminwa ndani ya roketi kiwandani na kukauka humo, kwa hiyo haijazwi chochote siku ya vita. Kombora limesimama ndani ya shimo la zege lililofunikwa kwa kifuniko cha tani zaidi ya mia moja, limeelekezwa tayari, linasubiri mwaka baada ya mwaka. Aina ya tatu, Minuteman III, iliingia kazini mwaka 1970 na bado ipo: makombora 400 yametawanywa katika mashamba ya ngano na malisho ya ng'ombe kuzunguka kambi tatu, Warren huko Wyoming, Malmstrom huko Montana na Minot huko North Dakota. Kuna wakulima wanaolima hadi kwenye uzio wa shimo.

Wanaoyaendesha ni vijana. Maafisa wawili, mara nyingi luteni na kapteni ambao hawajafika miaka thelathini, hushuka kwenye chumba cha udhibiti chenye kina cha mita 20 au zaidi chini ya ardhi, hufungiwa nyuma ya mlango wa chuma wenye uzito wa tani kadhaa, na hukaa humo zamu ya saa 24. Tangu katikati ya miaka ya 1980 wanawake nao wamo katika zamu hizo. Chumba kimoja husimamia makombora kumi, yaliyo kilomita kadhaa kutoka kilipo na kuunganishwa nacho kwa nyaya za chini ya ardhi. Vyumba vitano kwa pamoja husimamia makombora hamsini, na kila chumba kinaweza kuyaona yote. Kazi ya kila siku ni ya uchovu: kusoma taa, kupokea ripoti za hitilafu, kuwaruhusu mafundi waingie au watoke kwenye mashimo, kufanya mazoezi ya amri ambayo hawataki kamwe kuipokea.

Amri yenyewe ni ya rais pekee. Ikitolewa, hufika chumbani kama mfululizo wa herufi na tarakimu. Kila afisa huinakili na kuifumbua peke yake, kisha hulinganisha na mwenzake. Zikilingana, hufungua sanduku jekundu la chuma lenye kufuli mbili, kila mmoja akiwa na siri ya kufuli yake. Ndani mna kadi za kuthibitisha kwamba amri ni ya kweli, na mna funguo. Huingiza namba ya kuyafungulia makombora, huketi kila mmoja mbele ya paneli yake, hujifunga mikanda, kisha huzungusha funguo kwa wakati mmoja. Swichi zimewekwa mbali makusudi ili mtu mmoja asiweze kuzifikia zote mbili. Hata hivyo haitoshi. Chumba kingine, chenye maafisa wengine wawili, lazima nacho kizungushe funguo zake ndipo makombora yaruke. Wanne wakubaliane. Na chumba kikiona kwamba kingine kimezungusha funguo bila amri halali, kinaweza kukizuia.

Baada ya hapo hakuna kizuizi. Kifuniko cha shimo husukumwa pembeni kwa baruti, roketi hutoka, hatua zake tatu huungua na kumalizika kwa dakika tatu hivi, na kichwa cha nyuklia huendelea chenyewe kupitia anga za juu kwa kasi ya zaidi ya kilomita 20,000 kwa saa. Dakika thelathini baadaye kimefika bara jingine. Hakiitwi kikarudi, wala hakina kifaa cha kukilipua njiani endapo mtoa amri atajuta. Ulinzi wote wa sanduku jekundu na funguo nne umejengwa kumzuia luteni asifanye wazimu. Hakuna hata kimoja kinachomzuia rais.

Pima masafa yake kwa ramani yetu. Saba saba likifyatuliwa kutoka Ggaba linaishia kilomita 20 hivi. Minuteman hufika zaidi ya kilomita 9,600. Kutoka Ggaba hadi Moscow ni kama kilomita 6,200, hadi London 6,500, hadi Beijing zaidi ya 9,000. Urusi, China na Korea Kaskazini nazo zina makombora ya namna hii ya nchi kavu, mengine katika mashimo, mengine juu ya malori makubwa yanayojificha misituni.

Turudi sasa Luvua. Roketi ya Kayser ilitumia mafuta ya kimiminika. Ilikuwa shada la mabomba, na ile kubwa iliyokusudiwa ingekuwa na mamia ya mabomba, pana, nzito, iliyosimama peupe juu ya uwanda. Haikuwa na shimo, wala lori la kuificha. Uongozaji wake ulikuwa hafifu. Kamera za Juni 1978 zilionyesha ilivyoyumba. Hukumu yangu ni kwamba OTRAG haikuwa ikitengeneza kombora la nyuklia la Ujerumani, na kwamba Moscow ilikuza jambo kwa sababu zake za kisiasa. Lakini siwezi kuwalaumu majirani kwa kuogopa. Roketi ya Atlas iliyompeleka John Glenn kuizunguka dunia tarehe 20 Februari 1962 iliundwa kuwa kombora la kivita. Titan II iliyobeba wanaanga wa Gemini ilikuwa, miaka ileile, imesimama katika mashimo ya Arkansas, Kansas na Arizona ikiwa na kichwa cha megatoni tisa.

Kuhusu mafuta hayo ya kimiminika, wenyeji wa Damascus, Arkansas, wana la kusema. Jioni ya tarehe 18 Septemba 1980 fundi mmoja aliyekuwa akihudumia Titan II alidondosha soketi ya spana yenye uzito wa kilo nne hivi. Ikaanguka zaidi ya mita 20 ndani ya shimo, ikagonga, ikatoboa tangi. Usiku kucha mafuta yalivuja. Alfajiri shimo likalipuka, kifuniko cha tani mia saba kikarushwa, askari mmoja akafa, na kichwa cha nyuklia kikaokotwa nje. Hakikulipuka. Nimekisoma kisa hiki mara nyingi, na kila mara ninafikiria kambi ya Luvua, matangi ya asidi kwenye uwanda usio na hospitali kubwa wala zimamoto, juu ya vijiji ambavyo havikuambiwa ndani ya matangi mna nini.

Na Katanga ilikuwa imeshatoa zaidi ya ardhi. Kiasi cha kilomita 400 kusini-magharibi mwa uwanja wa OTRAG, karibu na Likasi, uko mgodi wa Shinkolobwe. Uliendeshwa na kampuni ya Kibelgiji ya Union Minière, na madini yake ya urani yalikuwa tajiri kuliko yoyote yaliyojulikana wakati ule. Mwaka 1940 mkurugenzi wake, Edgar Sengier, alisafirisha zaidi ya tani 1,000 za madini hayo hadi New York na kuyahifadhi katika ghala la Staten Island. Septemba 1942 Kanali Kenneth Nichols wa mradi wa bomu la Marekani alimfuata ofisini, na yakauzwa. Mengine yakafuata kutoka mgodini. Wachimbaji Wakongo waliyachimba na kuyabeba bila kinga na bila kuambiwa ni nini. Tarehe 6 Agosti 1945 urani ya Shinkolobwe ilikuwa ndani ya bomu lililoteketeza Hiroshima. Kila simulizi ya mashimo ya Montana inayoanzia Montana imeruka sura ya kwanza.

OTRAG haikudumu. Kwa shinikizo la Wasovyeti, la majirani, na la serikali za Magharibi zilizochoka na kelele hizo, Mobutu aliifuta ruhusa Aprili 1979. Kayser akahamia Libya ya Muammar Gaddafi, ambaye mwaka ule wa 1979 askari wake walishindwa Uganda wakipigana upande wa Idi Amin. Roketi ikaruka jangwani, karibu na Sebha, Machi 1981. Safari hii hofu ikawa ya Marekani na Ujerumani Magharibi zenyewe, na kampuni ikabanwa hadi ikaondoka. Ilifungwa rasmi mwaka 1987. Kayser alifariki mwaka 2017 katika Visiwa vya Marshall, ambako Marekani ilijaribia mabomu yake 67.

Afrika yenyewe imewahi kulikaribia kombora la nyuklia la masafa marefu kwa mikono yake. Afrika Kusini ya ubaguzi iliunda mabomu sita ya nyuklia, na mwaka 1989 ikajaribu roketi ya masafa marefu huko Overberg, kwa msaada wa Israeli. F. W. de Klerk alitangaza bungeni tarehe 24 Machi 1993 kwamba mabomu hayo yamekwisha kuvunjwa. Miaka mitatu baadaye, tarehe 11 Aprili 1996, Mkataba wa Pelindaba ulifunguliwa Cairo kutiwa saini. Unalifanya bara zima kuwa eneo lisilo na silaha za nyuklia, na umekuwa na nguvu ya sheria tangu tarehe 15 Julai 2009. Unakataza kuunda bomu, kulimiliki, kulijaribu, na kuruhusu la mwingine liwekwe katika ardhi ya Afrika. Roketi haimo katika makatazo yake.

Pengo hilo lina uzito wake leo, kwa kuwa viwanja vya maroketi vitarudi Afrika Mashariki. Ikweta inafaa kwa kazi hiyo: dunia inapozunguka huko humpa mrushaji kasi ya bure. Kenya inajua: jukwaa la Waitalia la San Marco, baharini kaskazini mwa Malindi, lilirusha satelaiti tangu 1967 hadi 1988, ikiwemo Uhuru, iliyoruka tarehe 12 Desemba 1970 na kuchora ramani ya kwanza ya miali ya eksirei angani. Hiyo ilikuwa kazi njema na yenye faida kwa sayansi. Ggaba nayo iko chini ya nusu digrii kutoka ikweta. Atakayekuja na mkataba wa uwanja, awe wa Ulaya, Asia au Ghuba, aulizwe mambo mawili na bunge, hadharani, kabla ya saini: roketi hii ikibadilishwa kichwa itakuwa nini, na nani atawaambia wakazi. Mkataba wa Luvua haukusomwa mbele ya mtu yeyote wa Luvua.

Uganda ina nafasi ya kuuliza. Ilitia saini mkataba wa kupiga marufuku majaribio yote ya nyuklia mwaka 1996 na kuuridhia mwaka 2001, na mjini Mbarara kipo kituo cha kupima mitetemo ya ardhi, namba AS103, kilichomo katika mtandao wa dunia wa kunasa milipuko hiyo popote itakapofanyika.